Jina la Peris, Sauti Yangu: Safari ya Baiskeli kutoka Mayoni hadi Nairobi

Tangu redio icheze sauti yangu na kuiita ya Peris Nekesa, siwezi kupima kiuno cha mtu hapa Mayoni kwa amani. Mteja anainua mikono nimpitishie futi, halafu badala ya kutulia anasema, "Felista, hebu kwanza tuambie ilikuwaje." Nimesimulia mpaka nimechoka. Kila mara kuna anayeondoka na kipande tu cha habari, na kikirudi kwangu jioni kimeota miguu na mkia. Kwa hiyo nimeandika. Anayetaka akae kwenye benchi la kibanda changu asome, kisha tuendelee na nguo.

Kwa asiyetujua: mimi ni fundi wa nguo. Siku za soko hufunga cherehani kwenye keria ya baiskeli, ile kubwa nyeusi, nikazunguka nayo Matungu, Mumias na Butere. Peris ni muuza kuku. Yeye hajui kuendesha baiskeli. Huwalipa watu wambebe, na matenga yake ya kuku nyuma. Sote wawili tumo katika kikundi cha wasafiri wa Matungu kinachoomba treni ya abiria ya Butere irudi, na ikirudi iwe na nafasi ya baiskeli. Kikundi hicho nilikianzisha mimi. Nasema hivyo kwa sababu siku hizi kuna wanaosahau.

Tuliposikia kwamba Nairobi kuna mkutano wa wananchi kutoa maoni kuhusu treni za abiria, kikundi kilipiga kura kuchagua msemaji. Wakamchagua Peris. Walisema ana ulimi mtamu na anacheka na kila mtu. Mimi wakanipa kazi ya kumsindikiza, nikiwa na baiskeli yangu, ili tuone njiani inakubaliwa wapi na inakataliwa wapi, naye aende akaeleze. Yaani mtu asiyejua kupiga pedali akazungumze juu ya baiskeli yangu, na mimi nikae nyuma nikiishika. Nilisema sawa. Nilirudi nyumbani nikashona suruali nzima na mguu mmoja nje ndani.

Mayoni hadi Luanda

Nilimtangulia Peris kwa siku moja, kwa kuwa hakuna gari lililokubali kunibeba na baiskeli. Yeye angekuja kesho yake, amekaa kwenye kiti, na mizigo yetu.

Barabara ya Mumias ilikuwa na trekta za miwa. Trekta moja ikija na matrela yake mawili, mtu wa baiskeli hana la kufanya ila kushuka mpaka kwenye mtaro, kusimama humo na kungoja vumbi litulie. Nilishuka na kupanda mtaro mpaka viatu vikajaa mchanga.

Butere niliingia stesheni. Treni ya abiria haikuwa ikitembea siku hizo. Ng'ombe mmoja alikuwa amefungwa karibu na jukwaa, anakula nyasi za katikati ya reli bila wasiwasi. Nilisimama pale na baiskeli, nikatazama upande wa Kisumu, nikajiona kama mtu aliyefika harusini siku ya pili.

Kutoka hapo barabara na reli hukutana na kuachana mara nyingi. Barabara hupanda kilima moja kwa moja, lakini waliojenga reli waliizungusha taratibu pembeni mwa kilima ili treni isichoke. Mimi nikawa nasukuma baiskeli kupanda, jasho limeingia machoni, huku pale chini naiona reli inazunguka polepole kwenye kivuli. Niliionea wivu reli. Chuma kilicholala tu, hakina safari, na kimepewa njia nzuri kuliko yangu.

Nilifika Luanda kabla ya giza kwa senge yangu Robai, dada yake marehemu baba. Mume wake alikuwa akipokea mizigo pale stesheni enzi za treni. Senge alinisongea obusuma, ugali wa kwetu, akaniwekea ingokho, kuku wa kienyeji, kwa mchuzi mzito, akaitazama baiskeli mlangoni.

"Hiyo utaenda nayo Nairobi kufanya nini? Kwani huko hawana?"

Nikamweleza. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Mbona hilo lilikuwako," alisema. "Mzee alikuwa anazipokeanga hapa. Behewa la nyuma lilikuwa na ndoano juu. Mtu anatoa baiskeli yake, inaning'inizwa, wanashuka Kisumu wote wawili."

"Wote wawili na nani, senge?"

"Na baiskeli yake. Kwani ni lazima mtu atembee na mtu?"

Nilimwomba anisimulie tena habari ya ndoano. Akanisimulia, na jinsi walimu, makarani na akina mama wa samaki walivyokuwa wakifika pale asubuhi, kila mmoja anampungia mzee mkono. Wengi wao wamekwisha kufa. Nilijilaza kwenye mkeka nikiwaonea wivu marehemu.

Luanda hadi Kisumu

Kesho yake njia ilinihurumia. Ukishapita Maseno unaanza kuteremka, na ziwa unaliona mbali, jeupe kama bati. Nilikuwa nimeachia breki kidogo, nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, gari likanipita. Dirishani alikuwa Peris. Alinipungia kitambaa na kunielekeza kwa jirani yake wa kiti, naye jirani akanipungia pia.

Nilipofika stesheni ya Kisumu nilimkuta ameketi juu ya mizigo yetu, ananawa mikono kwa maji ya chupa.

"Umechelewa, Mama Edwini," akaniambia. "Samaki wa hapa ni watamu. Ningekuwekea, lakini niliona atapoa."

Stesheni ya Kisumu

Aliyepokea mizigo alikuwa mama mmoja mpole, nywele zimesukwa mistari midogo midogo. Aliitazama baiskeli yangu kwa huruma, kama daktari anayetazama mguu uliovunjika.

"Mama, hii sijui nitaiandika nini. Sanduku naandika. Gunia naandika. Godoro, cherehani, hata kuku wakiwa ndani ya tenga. Lakini baiskeli sijawahi kuambiwa niiandike wapi."

"Lakini inaingia pale," nilisema, nikimwonyesha mlango wa mizigo.

"Kuingia inaingia. Ikimwangukia mtu je?"

Tukiwa hapo akaja bwana mmoja mwenye tai, anaendesha kibaiskeli chenye magurudumu madogo kama ya mtoto. Akashuka, akakunja usukani, akakunja katikati, akakitia ndani ya mfuko na kuuning'iniza begani. Akasalimu, akapita.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hiyo ni begi," mama akajibu, na kwa kweli ilikuwa begi.

Sijawahi kutamani mume wa mtu jinsi nilivyokitamani kile kibaiskeli. Nilimfuata yule bwana kwa macho mpaka akapotea ndani ya behewa.

Hapo ndipo Peris alipoinuka. Aliegemea dirisha la yule mama, akaanza kumsifu nywele, akauliza alisukwa na nani, wakacheka pamoja kama waliosoma darasa moja. Kisha akasema, "Nimesikia cherehani mnachukua?"

"Tunachukua."

"Basi huyu mwenzangu ni fundi cherehani. Tupe dakika kidogo."

Nilielewa. Nikatoa spana, nikafungua gurudumu la mbele, nikafungua la nyuma, nikageuza usukani, nikafunga yote ndani ya shuka langu na kulikaza kwa kamba ya kufungia bitana. Mikono ilijaa grisi mpaka viwikoni. Yule mama alilitazama furushi, akaona mnyororo unaning'inia, akaurudisha ndani ya shuka kwa kidole.

"Cherehani yako ina mkufu," alisema, akaandika.

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka na kumpongeza Peris. Mmoja alimshika mkono. Mimi hakuna aliyenishika mkono, labda kwa sababu ya grisi.

Mti wa Londiani

Tulisafiri usiku, na tulipoamka alfajiri treni ilikuwa imesimama. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mti mkubwa ukaangukia njia ng'ambo kidogo ya Londiani. Watu wa reli walikuwa wameshafika na misumeno, lakini mti ule ulikuwa mnene. Tuliambiwa tuwe na subira. Mkutano wetu ulikuwa saa nane mchana, siku hiyo hiyo.

Baridi ya kule si ya kwetu. Tulishuka tukasimama kando ya behewa, na akina mama wa jirani wakaja na chai kwenye birika kubwa na viazi vya kuchemsha vilivyopakwa chumvi na pilipili. Mama wa viazi aliniuliza tunaenda wapi. Nami, mnajua ulimi wangu, herufi nyingine hukataa kukaa mahali pake. Nilitaka kumweleza habari ya kura. Nikamwambia, "Tunaenda mkutano. Tulichaguliwa kwa kula. Lakini huyu alinishinda kwa kula."

Mama akamtazama Peris, ambaye wakati huo alikuwa na kiazi cha nne mdomoni.

"Naona," alisema. "Na hayo mashindano hufanyiwa wapi?"

Peris alicheka mpaka akakohoa. Nilijaribu kusahihisha, nikazidi kuharibu, na mama akaniongezea viazi viwili bure ili nami siku nyingine nishinde.

Yule bwana wa kibaiskeli alikuwa amesimama karibu. Jina lake Mutiso, mhasibu, aliwahi kusoma ng'ambo. Alitueleza kwamba kule alikokaa treni zina behewa lenye alama ya baiskeli mlangoni. Jukwaa liko sawa na sakafu ya treni, unasukuma tu, unafunga mkanda, unakaa.

"Hawakuulizi kitu?" nikauliza.

"Wanauliza unashuka wapi."

Niliona wivu mpaka chai ikakosa ladha. Peris naye alikuwa amepanda ngazi ya behewa, anajaribisha hotuba yake mbele ya abiria waliokuwa wamechoka kungoja. Alisema vizuri. Hilo sitalificha. Aliwachekesha kwa habari za kuku wanaotaga njiani, akawanyamazisha kwa habari za mama aliyejifungulia pembeni mwa barabara kwa kukosa usafiri. Kisha akafika kwenye baiskeli, akasema "baiskeli yetu".

Yetu. Yeye alikuwa amekuja kwenye kiti, kitambaa dirishani. Mitaro ya Mumias niliihesabu kwa viatu vyangu. Nilitazama mti unakatwa vipande, nikatamani kitu nisichoweza kumwambia mtu: kwamba Peris akose sauti siku hiyo tu, kidogo tu, kama mafua.

Nairobi

Tuliingia Nairobi saa saba imeshapita. Nilifungua furushi langu pale pale jukwaani na kuiunganisha baiskeli, Peris akinishikia boliti na kuniuliza kila mara kama nimemaliza. Nje, magari yalikuwa yamesimama kimya kama yameegeshwa. Mutiso alitutazama.

"Huo ukumbi naujua, uko karibu na ofisi yetu. Kwa gari hamtawahi. Kwa baiskeli mtawahi. Nitawaongoza."

Nilimwambia Peris apande nyuma. Alikaa kwenye keria, basi moja likapita karibu, akaruka chini.

"Mama Edwini, siwezi. Hapa si Mayoni. Wewe tangulia, uwaambie wanisubiri. Nakuja na gari."

"Nitawaambia," nikasema.

Nilimfuata Mutiso. Kibaiskeli chake kilipenya kati ya magari kama sindano kwenye kitambaa, nami na lile dude langu nikajitahidi nisikwaruze mlango wa mtu. Mahali fulani tukaingia njia iliyotengwa kwa baiskeli, imechorwa kabisa chini. Haikuwa ndefu, lakini nilipokuwa juu yake hakuna trekta, hakuna mtaro. Wenzangu wa Nairobi walikuwa wanapita humo bila hata kuitazama. Niliwaonea wivu kwa kutoitazama kwao.

Ukumbini Mutiso alinishikia baiskeli mlangoni, nikaingia na jasho langu. Mwenyekiti alikuwa anasoma majina ya waliojiandikisha. Aliye ndani alisimama, akasema, akakaa. Asiyekuwapo alipitwa, na hakurudiwa. Nilikuwa bado natafuta kiti.

"Peris Nekesa, Matungu, Kakamega. Peris Nekesa yuko?"

Ujumbe wa Peris nilikuwa nao mdomoni. Yuko njiani, naomba mngojee. Maneno machache tu. Huenda wangekubali.

"Peris Nekesa hayuko?"

"Niko," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Lakini pia sikujizuia. Nilipewa kipaza sauti, watu wote wakanigeukia, na zile hasira zote za njiani, za dirisha, za samaki, za "baiskeli yetu", zikanyooka zikawa maneno.

Niliwaambia nimetoka Mayoni na baiskeli na imenichukua siku tatu kufika mbele yao, kwa sababu hakuna chombo kilichotaka kutubeba wawili. Niliwaambia kwetu stesheni haiko mlangoni pa mtu. Baiskeli inanitoa nyumbani mpaka kwenye reli, treni inanitoa kwenye reli mpaka mjini, na mkinipa moja bila nyingine mmenipa nusu ya safari. Niliwaambia habari za senge Robai na behewa la ndoano.

"Kwa hivyo msituambie hayo ni mambo ya ng'ambo," nilisema. "Kwetu yalikuwako. Watu walining'iniza baiskeli zao juu, wakashuka Kisumu. Mimi ninashona nguo za wajukuu wao, na nimefika hapa baiskeli yangu imeandikwa kuwa cherehani. Turudishieni treni ya Butere siku za soko. Behewa moja liwe na ndoano. Na yule mama wa mizigo mpeni mahali pa kuandika neno baiskeli, maana alitaka kutusaidia na hakuwa na mahali."

Walipiga makofi. Walipiga kweli, wengine wakasimama. Mwenyekiti akasema, "Asante sana, Peris." Makofi yakaongezeka, na nikamwona Peris mwenyewe amesimama mlangoni kando ya Mutiso, mkoba umekumbatiwa kifuani. Sijui alikuwa ameanza kusikiliza wapi. Watu walinizunguka wakinishika mkono. "Umetuwakilisha, Peris." "Peris, hiyo ya cherehani imetuua." Mwenye redio akataka nitamke jina tena vizuri, na nikalitamka vizuri. Ile herufi ya katikati, iliyonikataa kwenye kura, siku hiyo ilikaa mahali pake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojifanyia. Yale maneno yalikuwa yangu yote, kutoka mtaroni mpaka kwenye ndoano, na nimeyaandikisha yote kwa jina la mwanamke niliyekuwa namwonea wivu.

Kurudi

Kwenye treni ya kurudi hatukusemeshana mpaka Naivasha. Mimi nilitazama dirisha langu, yeye lake. Mwishowe akasema bila kugeuka:

"Uliitika jina langu."

"Niliitika."

"Nilikwambia uwaambie wanisubiri."

"Nilisikia."

Muuza maji akapita, Peris akanunua chupa mbili, moja akaniwekea mapajani.

"Ningesema vizuri," alisema.

"Najua. Ungesema vizuri."

"Lakini ile ya ndoano sikuwa nayo. Hukuniambia habari ya ndoano."

Ni kweli, sikumwambia. Tulikaa saa nyingi pamoja penye ule mti, naye akijaribisha hotuba, na ndoano nilikuwa nimeiweka kwangu.

"Pale mlangoni," Peris akaendelea, "watu walikuwa wanapiga makofi wakitaja jina langu, na mimi nimesimama hapo kama mwizi. Nilikuonea wivu, Mama Edwini. Unajua mtu kuonea wivu jina lake mwenyewe?"

Ilinipendeza kwamba ameona wivu. Ilinipendeza muda mrefu, mpaka karibu na Nakuru, kisha ikaacha kunipendeza, nikamuuliza kama ana njaa.

Nyumbani mnajua yaliyofuata. Redio ikacheza, mkampongeza Peris, wengine mkaitambua sauti, maneno yakaanza. Msilolijua ni la juzi. Peris alikuja hapa kibandani na simu mkononi, imeitika, ameiweka sauti ya juu. Aliyepiga alikuwa mtu wa ile ofisi iliyoandaa mkutano. Alisema kuna siku wanaandaa, wakubwa wapande baiskeli kutoka stesheni mpaka mjini waone wenyewe, na wanamtaka Peris wa Matungu aje na ile baiskeli yake aongoze.

Peris alinitazama. Nilikuwa nashona, nikaacha kukanyaga cherehani.

"Aliyesema siku ile si mimi," alimwambia yule mtu. "Ni mwenzangu, Felista. Mimi nilikuwa nimekwama njiani. Rekebisheni hapo."

Tukasikia kicheko kwenye simu. Akasema atarekebisha, na basi tuje wote wawili, kila mtu na baiskeli.

"Tutakuja," Peris akasema, akakata simu. Akakaa kwenye benchi. "Sasa nifundishe."

Tulienda uwanja wa shule. Siku ya kwanza alianguka mara nyingi akicheka. Siku ya pili wanawake waliokuwa wanatoka sokoni walisimama kando wakamwimbia. Mimi nilipojifunza nilijifunza peke yangu nyuma ya ghala, na hakuna aliyeniimbia. Nilikuwa nakimbia nyuma yake nimeshika keria, pumzi imeniisha. Karibu na goli nikaachia, na hakujua kama nimeachia. Baiskeli ikanyooka. Akapita goli, akageuka vizuri kabisa, bila kuyumba, jambo ambalo mimi lilinichukua wiki, akawa anarudi moja kwa moja kwangu, na wanawake wanapiga vigelegele.

Nilikuwa nimesimama katikati ya njia. Akapiga kengele ili nimpishe. Nikampisha.